Shajara ya chanja ya jiko: chuma kinavyolegea bila kuyeyuka

Jumatatu, 3 Februari

Nimeitwa kwenye jiko la shule ya bweni, hapa Morogoro. Mpishi mkuu alinipokea mlangoni. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Njoo uone, maharage ya upande wa dirishani hayaivi." Nilidhani kuni ndizo mbaya. Nilipoweka pima maji juu ya sufuria nikaelewa: sufuria limeinama, maji yote yamekimbilia upande mmoja, na upande wa pili maharage yamebaki nusu kavu.

Jiko lenyewe ni kuta mbili za tofali zilizoachana sentimita 60. Juu yake kuna chanja, yaani nondo nne za milimita 12 zilizolazwa, zenye makovu kama zile za kujengea, na juu ya nondo hukaa sufuria la alumini la lita 100. Moto uko chini, sakafuni. Nondo zote nne zimebonyea katikati, lakini si sawasawa. Ya upande wa dirishani, ambako upepo unaingia na moto unakuwa mkali zaidi, imeshuka zaidi ya zote. Nilivuta uzi wa waashi kutoka ukuta hadi ukuta nikapima kwa rula: milimita 41. Ya upande wa mlangoni milimita 18.

Hakuna iliyovunjika wala iliyoyeyuka. Fundi aliyezifunga alisema ziligongwa na gari la kuni. Sikubaliani naye. Chuma kilichogongwa huwa na kona mahali kilipogongwa, na hizi zimepinda kwa mkunjo laini, kama kamba ya kuanikia nguo.

Jumatano, 5 Februari

Nimezing'oa nondo zote nne na kuzileta karakana. Katikati zimeliwa: nilipokwangua magamba meusi, kipenyo kilikuwa milimita 10 na nusu. Ncha zilizokuwa ndani ya ukuta bado zina milimita 12 na makovu yake yote.

Jambo la pili niliona wakati wa kuzing'oa. Ncha zilikuwa zimejengewa kwa saruji pande zote mbili, bila nafasi hata ya kupitisha ukucha. Chuma kikipata moto hurefuka. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, mita moja ya chuma hurefuka milimita 0.012 hivi. Nondo ya sentimita 60 ikipanda nyuzi 650 itatafuta milimita 4 na nusu zaidi, na ukuta haumpi mtu nafasi. Kwa hiyo itasukuma ukuta hadi upasuke, au itapinda. Ukuta wa mlangoni una ufa wa kusimama, palepale nondo ilipoingia.

Jumamosi, 8 Februari

Nimefunga nondo mpya, laini, za milimita 16, nne kama mwanzo. Safari hii ncha moja ya kila nondo iko huru ndani ya kijibomba, na nimeacha nafasi ya milimita 6. Kabla ya kuwasha moto niliweka sufuria lililojaa maji. Zilishuka kidogo sana, milimita moja na kitu, na sufuria lilipoondolewa zikarudi. Mama mpishi amefurahi, nami nimerudi nyumbani nikiamini kazi imekwisha.

Alhamisi, 27 Februari

Wiki tatu hazijatimia na nimeitwa tena. Uzi unasema milimita 14 upande wa dirishani, 6 upande wa mlangoni. Kuta hazina ufa mpya, kwa hiyo ile nafasi ya milimita 6 imefanya kazi yake, lakini nondo zimeshuka hata hivyo. Nimesimama mbele ya jiko lile muda mrefu. Nilikuwa nimejibu swali kwa kuongeza unene wa chuma bila kuliuliza swali lenyewe.

Ijumaa, 28 Februari

Leo sikushika grenda. Nimekaa na daftari.

Sufuria likijaa makande lina uzito wa kilo 120 hivi pamoja na lenyewe. Nondo nne, kwa hiyo kila moja inabeba kilo 30, yaani nyutoni 295 hivi. Kwa umbali wa sentimita 60, nondo ya milimita 12 hupata mkazo, yaani nguvu inayouvuta uso wa chuma, wa nyutoni 130 kwa kila milimita ya mraba pale katikati, upande wa chini. Ile ya milimita 16 hupata 55. Chuma laini cha kawaida, kikiwa baridi, huvumilia nyutoni 250 kwa milimita ya mraba kabla hakijapinda bila kurudi. Nondo ya makovu huvumilia 460 na zaidi. Ukiangalia namba hizo tu, nondo zote mbili ziko salama kabisa, na jaribio langu la maji baridi lilisema hivyohivyo.

Lakini jiko si baridi. Kanuni za Ulaya za majengo ya chuma, zinazoitwa Eurocode 3, zina jedwali linaloonyesha chuma hubakiwa na nguvu kiasi gani kikiwa motoni. Hadi nyuzi 400 kinabaki na uwezo wake wote wa kuvumilia. Kwenye 500 kimebaki na asilimia 78. Kwenye 600, asilimia 47. Kwenye 700, asilimia 23. Kwenye 800, asilimia 11. Na chuma safi huyeyuka kwenye 1,538. Yaani kimepoteza zaidi ya robo tatu ya nguvu yake kikiwa hakijafika hata nusu ya safari ya kuyeyuka.

Nikafanya hesabu ya nyuzi 700. Asilimia 23 ya 460 ni 106, na nondo ya kwanza ilikuwa na mkazo wa 130. Ilishindwa tangu siku ya kwanza. Asilimia 23 ya 250 ni 57 na nusu, na nondo yangu nene ilikuwa na mkazo wa 55. Akiba yake ni nyutoni mbili na nusu. Mama akikoroga makande kwa nguvu, akiba hiyo imekwisha.

Na hata akiba hiyo ni ya karatasi. Jedwali lile limeandaliwa kwa ajili ya jengo linaloungua mara moja, kwa saa chache. Jiko la shule linawaka kila siku, asubuhi na jioni. Chuma kikiwa na joto la kutosha na mzigo juu yake, hata mzigo mdogo kuliko kile kikomo, hakikai kimya. Kinashuka kidogo kidogo, leo sehemu ya milimita, kesho sehemu nyingine. Kushuka huku nitakuita *kutambaa*, kwa sababu ndivyo kunavyoonekana kwenye uzi wangu. Kwa kawaida kutambaa huanza kuwa jambo la kujali pale joto linapopita asilimia 40 hivi ya joto la kuyeyuka, ukihesabu kuanzia sifuri halisi ambayo ni nyuzi 273 chini ya barafu. Kwa chuma hiyo ni nyuzi 450 hivi. Jiko lolote la kuni linazipita.

Jumapili, 2 Machi

Nilitaka kijana ninayemfundisha aone kwa macho, kwa sababu namba zilimchosha. Tumechukua mishumaa ya duka, ile myeupe ya parafini. Mmoja tumeulaza juu ya tofali mbili zilizoachana sentimita 18. Wa pili juu ya tofali zilizoachana sentimita 9. Juu ya kila mmoja tumetundika nati ya gari, moja moja, katikati. Tumeviweka kwenye ubaraza wa mabati saa nne asubuhi.

Saa saba mchana mshumaa wa sentimita 18 ulikuwa umepinda kama upinde. Wa sentimita 9 ulikuwa karibu umenyooka. Hakuna tone hata moja la nta iliyoyeyuka. Kijana akasema, "Fundi, kumbe haukuyeyuka, umechoka tu." Nimemwachia neno lake, ingawa wahandisi wana maana nyingine ya uchovu wa chuma. Kwake limefungua mlango.

Mshumaa na nondo ni ndugu kwa namna hii: parafini inayeyuka karibu na nyuzi 55 au 60, na ubarazani palikuwa zaidi ya 35. Ukihesabu kutoka sifuri halisi, mshumaa ulikuwa umefika zaidi ya tisa ya kumi ya njia ya kuyeyuka. Risasi nayo iko nusu ya njia hiyo hata ikiwa kabatini, ndiyo maana paa za risasi za makanisa ya kale ya Ulaya huteremka taratibu kwa uzito wake zenyewe.

Kilichonishika zaidi ni ule umbali. Nimerudi kwenye daftari. Mzigo uliosambaa kwenye nondo ukiweka nguzo katikati, kila kipande kinabeba nusu ya mzigo kwa nusu ya umbali, kwa hiyo mkazo unashuka mara nne. Na kutambaa hakufuati mkazo moja kwa moja. Kwenye vyuma vingi kasi yake hufuata mkazo ukizidishwa kwa wenyewe mara nne au tano. Mkazo ukipungua mara nne, kasi inapungua mara mamia. Milimita 14 za wiki tatu zinageuka kuwa kitu ambacho rula yangu haikioni.

Jumanne, 4 Machi

Nimeazima themokapo ya aina ya K, yaani kipimajoto cha waya kinachovumilia moto, yenye kisomeo cha betri. Nimeifunga kwenye nondo ya dirishani kwa waya, nikakaa jikoni tangu kuni zinawashwa hadi makande yanapakuliwa. Mama mpishi alinipa kigoda.

Baada ya dakika 20, nyuzi 480. Baada ya saa moja, 610. Upepo ulipovuma dirishani ilifika 705, nondo ikawa nyekundu ya giza ukiitazama kwa kuinama. Upande wa mlangoni haikupita 630. Hapo ndipo tofauti ya milimita 14 na 6 ilipopata jibu. Nyuzi 75 tu za joto, na nondo moja inashuka zaidi ya mara mbili ya mwenzake.

Nikaona jambo jingine nililolitazama miaka yote bila kuliona. Sufuria ni la alumini, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Limekaa juu ya moto huohuo, limegusana na nondo nyekundu, na halina kasoro. Sababu ni maji. Kitako cha sufuria hakipandi sana juu ya nyuzi 100 kwa sababu maji yanalichukua joto haraka kama moto unavyolileta. Sufuria likikauka, hadithi inabadilika kwa dakika. Nondo yenyewe haina maji ya kuilinda, na nimekuwa nikiibebesha mzigo mahali pale ambapo haina ulinzi wowote.

Alhamisi, 6 Machi

Jaribio la jiliwa, kile kibano cha mezani cha karakana. Nimekata vipande viwili kutoka nondo moja ya zamani: kimoja cha katikati kilicholiwa na moto, kimoja cha ncha iliyojificha ukutani. Nimevisawazisha kwa tupa, nikaweka goroli ya beringi kati yao, nikakaza jiliwa kwa nguvu zote. Goroli moja, nguvu moja, kwa hiyo chuma laini zaidi ndicho kinachopata shimo kubwa. Kipande cha katikati shimo milimita 3.1. Kipande cha ncha milimita 2.6. Ukilinganisha maeneo ya mashimo, ncha ni ngumu kuliko katikati kwa asilimia 40 hivi.

Vipande vyote vilikuwa vimepoa, na ilikuwa asubuhi yenye mvua. Kwa hiyo hapa kuna kulegea kwa aina mbili, na ni vizuri kuzitenganisha. Kulegea kwa kwanza ni kwa wakati wa moto tu: nondo ikipoa nguvu inarudi. Kwa pili hakurudi. Nondo nyingi za makovu za siku hizi hupewa ugumu kiwandani kwa kumwagiwa maji zikiwa bado nyekundu, zikapata ganda gumu nje na moyo laini ndani. Moto wa jiko, ukikaa juu ya nyuzi 600 kila siku, unalifuta ganda lile. Mhunzi yeyote anayegeuza springi ya gari kuwa patasi anajua hili kwa mkono: akiipasha hadi nyekundu na kuiacha ipoe taratibu majivuni, ugumu wote umeondoka.

Ndiyo maana sipendi kuona nondo za ujenzi zikiuzwa kama chanja za majiko. Unalipia ugumu ambao wiki ya kwanza haipiti nao.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda na mipango mitatu. Wa kwanza: nondo za milimita 20 na nguzo ya tofali katikati, mkazo unashuka hadi nyutoni 7. Wa pili: vyuma visivyoshika kutu vya aina ya 304, vyenye kromiamu asilimia 18 na nikeli 8, ambavyo havitoi magamba haraka na huvumilia kutambaa vizuri zaidi. Bei yake imewakatisha tamaa kabla sijamaliza kuongea. Wa tatu sikuwa nimeuandika vizuri, ulikuwa nguzo mbili za tofali.

Mama mpishi alisikiliza yote, akiwa anachambua maharage. Kisha akauliza, "Sasa mwanangu, hicho chuma kinafanya nini pale?" Nikasema kinabeba sufuria. Akasema, "Bibi yangu alipikia arusi kwenye mafiga. Sufuria kubwa kuliko hili. Hakukuwa na chuma."

Nimekaa kimya. Ni kweli kabisa. Jiwe la figa halina katikati ya kubonyea. Linabanwa tu, kutoka juu kwenda chini, na udongo uliochomwa unaweza kubanwa vizuri sana hata kwenye joto ambalo chuma kingekuwa kimeshalala. Mimi nilikuwa nikitafuta chuma bora zaidi cha kufanya kazi ambayo chuma hakikupaswa kupewa.

Hesabu niliifanya palepale nyuma ya karatasi ya mahindi. Nguzo tatu, kila moja kilo 40. Uso wa juu sentimita 11 kwa 5. Mkandamizo ni nyutoni 0.07 kwa milimita ya mraba. Matofali ya moto hupimwa maabara yakiwa yamebebeshwa nyutoni 0.2 kwa milimita ya mraba huku joto likipandishwa, kwa sababu nayo hulegea kabla ya kuyeyuka, na matofali mengi mazuri ya udongo huanza kubonyea juu ya nyuzi 1,200. Moto wetu unafika 705 siku ya upepo.

Jumamosi 15 na Jumapili 16 Machi

Tumebomoa sehemu ya juu na kujenga nguzo tatu za matofali ya moto. Udongo wa kuunganishia ni wa kichuguu uliochanganywa na vigae vya vyungu vilivyosagwa. Vigae vimeshaungua mara moja, kwa hiyo havisinyai tena, na vinazuia udongo usipasuke sana ukikauka.

Mahali pa kuweka nguzo palitusumbua kuliko kujenga. Nilitaka zigawane duara sawasawa. Mama akachukua mwiko, akasimama mahali pake pa kila siku, akaonyesha anavyokoroga: anausukuma mwiko mbali, kisha anauvuta kwake kwa uzito wa mwili wote. Nguvu ya kuvuta ndiyo kubwa. Kwa hiyo figa moja limekaa upande wake, hasa mbele ya miguu yake, na mawili nyuma. Kona za juu tumezizungusha kwa tupa ili zisilitoboe sufuria, maana kitako cha alumini hakipendi ncha kali.

Chuma hakikufukuzwa kabisa. Chini tumeweka chanja ndogo ya nondo laini za milimita 12, umbali wa sentimita 40, ya kuinulia kuni ili hewa ipite. Inabeba kuni na makaa tu, kilo 12 hivi ikijaa, mkazo nyutoni 7. Ncha zote ziko huru.

Jumanne, 18 Machi

Moto wa kwanza baada ya kukausha siku mbili kwa moto mdogo. Themokapo chini ya chanja ndogo inasoma 520 makaa yakiwa mengi. Hewa baridi inayoingia kwa chini inaipoza, na hilo sikulipanga, lakini nalishukuru. Mwali umepata nafasi kuzunguka kitako chote cha sufuria kwa kuwa hakuna tena nondo nne za kuukata. Mama anasema makande yameiva mapema. Sikupima saa, kwa hiyo naandika alivyosema.

Pima maji juu ya sufuria: tone liko katikati.

Ijumaa, 4 Aprili

Siku 17 za kupika. Uzi juu ya mafiga: sioni tofauti yoyote kwa rula. Uzi kwenye chanja ndogo: milimita 1, nondo ya katikati peke yake, zile za pembeni zimenyooka. Nimeigeuza upande wa chini uwe juu, na nimewaonyesha vijana wa jikoni wafanye hivyo kila mwanzo wa mwezi jiko likiwa baridi. Wakiigeuza, kule kushuka kwa mwezi uliopita kunaanza kurudishwa na mzigo wa mwezi unaofuata.

Figa la mbele lina ufa mwembamba kwenye lipu, si kwenye tofali. Nimeupiga alama ya chaki kwenye ncha zake mbili na kuandika tarehe pembeni. Upande wa dirishani nimependekeza tujenge ukuta mfupi wa kukinga upepo, sentimita 40 tu. Mkuu wa stoo amesema matofali 30 yaliyobaki yanaweza kutumika. Nitarudi Ijumaa ijayo na themokapo, tupime upande ule tena ukuta ukiwa umesimama, na nitazame kama ule ufa umevuka chaki.